Tulidhani Ni Unene

Mama yangu alitaka mtoto wa pili. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa mjini Mbinga wakisimulia habari zake huanza na urembo. Wanasema alitaka awe mwembamba kama wasichana wa kwenye simu. Sivyo. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, sasa niko kidato cha tatu, na tangu nianze kuelewa mambo nimemsikia kila akimaliza kuswali, viganja vikiwa bado wazi, akiomba apate mwingine.

Sisi si wenyeji wa huku, ni Wasambaa wa Lushoto. Mama ni afisa ushirika, kazi yake iko kwenye vyama vya wakulima wa kahawa. Baba yuko idara ya uvuvi, kule chini ziwani Mbamba Bay, na hupanda kwetu mwisho wa mwezi akiwa na samaki wakavu aina ya mbasa kwenye kikapu. Nyumba yetu ina watu wawili siku nyingi. Labda ndiyo maana nimekuwa mtu wa aibu. Sikuwa na wa kugombana naye.

Mwaka jana, kabla ya msimu wa kahawa, daktari alimwambia mama kwamba presha yake iko juu na uzito wake unamzuia kushika mimba. Nilikuwepo. Alisema: "Punguza taratibu, mama. Tembea, punguza ugali wa usiku, halafu urudi tuone."

Tulipotoka nje mama akasema, "Taratibu! Yeye kijana, ana muda wa taratibu. Mimi miaka yangu haiendi taratibu."

Mwenzake wa ofisini ndiye aliyempeleka kwa dada wa mashine. Dada huyo alikuwa na chumba nyuma ya saluni. Humo mlikuwa na kitanda, pazia la maua, na kasha dogo kama redio lenye mpira mwembamba. Mteja alivishwa mfuko wa plastiki mpaka shingoni, kisha mpira ule ukaingiza humo hewa ambayo dada aliiita ozoni. Chumba kizima kikanuka kama nje baada ya radi kupiga karibu. Alisema hewa hiyo inachoma mafuta, inasafisha damu, na kufungua mirija ya uzazi. Juu yake akauza vidonge kwenye kopo jeupe lisilo na maandishi. Vya mimea, alisema.

"Na huyu ni wako?" alimwuliza mama akinitazama nilivyokaa kwenye benchi. "Urefu wote huu kauokota wapi? Mbona haongei, umemnunua bila sauti?"

Mama alicheka. Na mimi nilimpenda yule dada, nisidanganye. Alikuwa anamsikiliza mama. Daktari alikuwa anaangalia foleni.

Mama alianza kupungua. Kliniki hakutaka kupimwa uzito kwa sababu nesi husoma kilo kwa sauti na foleni nzima ikasikia. Kwa hiyo alijipima ghalani, kwenye mizani ya kahawa, siku zake za kazi. Wapakiaji wa pale walimzoea. Jumamosi moja nilikwenda naye.

"Mama ushirika, kahawa yako imekauka hii!" mmoja akapiga kelele. "Unyevu wote umekwisha!"

"Kaeni hivyo hivyo," mama akajibu, kavua viatu yuko juu ya mizani. "Msimu ukiisha mtanipeleka mnadani daraja la kwanza."

"Daraja la kwanza hatuuzi, tunakunywa wenyewe!"

Alishuka pale anacheka kama msichana wa rika langu.

Majirani zetu, ambao ni Wamatengo na Wakatoliki, hawakucheka. Jioni moja akina mama wa jumuiya walifika na unga na rozari, mbele yao mama jirani, ambaye shamba lake la kahawa limepakana na ua wetu. "Tumesikia unaumwa," alisema. Mama akaeleza kwamba haumwi, anapunguza mwili kwa hiari. Wakatazamana. Mama jirani akasema, "Haya. Tutakuombea hivyo hivyo." Wakaomba, na sisi tukaitikia amina.

Kisha mama akaanza kutapika asubuhi. Dada wa mashine akamwambia, "Hayo ndiyo mafuta, dada yangu, yatatokea wapi kwingine?" Siku zake za mwezi zikakatika. Lakini kwake zilikuwa za kubahatisha miaka yote, na dada akasema homoni zinajipanga. Alichoka sana. Alilala juu ya mkeka mara tu akirudi kutoka kazini, na mimi nikapika. Chakula nilichopika alikinusa akageuza uso. Kila kitu kilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa vile vidonge.

Karibu na mwisho wa msimu mizani ikabadilika. Kilo zilizoondoka zikaanza kurudi, kidogo kidogo. "Mama ushirika, umeianika wapi?" wakamtania. "Imenyeshewa hii!" Siku hiyo hakujibu. Alivaa viatu akatoka, na njiani niliona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikwenda moja kwa moja kwa dada. Dada akasema mwili umezoea dawa, aongeze, asubuhi na jioni, na aje kwenye hewa mara nyingi zaidi. "Mimi mwenyewe natumia," alisema, akajipiga kofi tumboni. Nadhani alisema kweli.

Mama akaongeza. Tumbo halikutaka kushuka, akalifunga kwa mkanda mpana chini ya gauni.

Ilikuwa asubuhi, nafua sare zangu uani. Aliniita kutoka bafuni kwa sauti ndogo kabisa. "Lete kanga. Lete zote." Sitaandika nilichoona. Nilimkimbilia mama jirani, mimi ambaye huwa nashindwa hata kumwomba chumvi, nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mume wake akashusha magunia ya kahawa kwenye pikapu yao, tukamlaza mama palipokuwa na magunia.

Hospitalini nikakaa kwenye korido na mama jirani. Nesi akatoka, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akamkazia macho mama jirani lakini akazungumza nami.

"Mama yako yuko salama. Mtoto hakuwa hai. Pole sana."

Nikasema, "Mtoto gani?"

Mama jirani akanivuta kichwa kifuani kwake, na ndipo nikaelewa. Nilielewa kutapika, na usingizi, na mkanda, vyote kwa mpigo.

Baba alipanda siku hiyo hiyo kutoka ziwani, nguo zake bado zinanuka dagaa. Daktari alikuwa ameomba lile kopo, nami nilikuwa nimeshalileta. Alilizungusha mkononi. "Sijui humu mna nini," alisema. "Hakuna maandishi. Wengine huchanganya dawa kali humu wakasema ni mimea. Hata zile halali za kupunguza uzito, mjamzito hatumpi. Na hiyo hewa, mimi siwezi kumwambia mtu yeyote aitumie."

Mama akauliza kutoka kitandani, "Ndivyo vilivyomuua?"

"Siwezi kusema, mama. Presha yako nayo ilikuwa juu. Siwezi kusema ni hiki na si kile."

Ningependa angesema. Hata kama angesema ndiyo. Mama alimwuliza tena kesho yake, akamwuliza nesi wa zamu, na wote walimpa jibu lile lile, kwa upole.

Shehe alipofika wodini aliuliza jambo moja. "Mimba ilikuwa na miezi mingapi?"

Hakuna aliyehesabu. Huwezi kuhesabu usichokijua. Kwa desturi yetu, kama haijatimiza minne, kuna namna yake ya kuhifadhiwa, na ikishatimiza, ni mazishi ya mtu. Daktari ndiye aliyetusaidia; kwa makadirio yake minne ilikuwa imepita.

"Basi huyu ni mwanenu," shehe akasema. "Aoshwe, avikwe sanda, apewe jina."

Alikuwa wa kiume. Baba aliinama akamnong'oneza mama jina, mama akatikisa kichwa kukataa, akasema lake. Ni jina la babu wa mama, wa Lushoto. Wanaume wakaenda kuzika, watu wachache tu. Mama alikuwa ameruhusiwa, sisi tulibaki naye nyumbani, na mama jirani alikaa nasi mkekani, rozari kaifunga ndani ya kiganja isionekane.

Dada wa mashine alikuja baadaye na mkungu wa ndizi. Alilia kweli. "Dada, ungeniambia una mimba!"

"Ningejua, ningekwambia," mama akasema. Ndizi tuliwapelekea majirani.

Baada ya hapo mama alikonda kuliko alivyowahi kuota. Siku moja tulikuwa sokoni tukinunua mchicha, akatokea mama mmoja wa ofisi nyingine, mgeni kama sisi, akampokea kwa vigelegele.

"Jamani! Umekwisha kabisa! Umependeza! Hebu nipe namba ya huyo dada wa mashine, na mimi nimechoka na mwili huu."

Nilijua mama angetabasamu, angesema atamtumia. Ndivyo tunavyofanya nyumbani kwetu mambo yakiwa magumu.

"Nilizaa," mama akasema. "Ndiyo maana nimepungua."

"Ulizaa! Hongera! Na sisi hatukusikia? Mtoto gani?"

"Wa kiume." Akamtajia jina lake lote, jina lake na la baba na la babu, palepale kati ya mafungu ya nyanya, kwa sauti kubwa ambayo nesi wa kliniki angeisifu.

Yule mama akachungulia mgongoni kwa mama, kisha akanitazama mimi kama labda mimi ndiye niliyembeba. "Yuko wapi?"

Mama akamwambia yuko wapi. Akamweleza vidonge na ile hewa, na kwamba daktari hakuweza kusema ni nini. Alieleza polepole, hakuacha kitu. Muuza mchicha aliacha kufunga mafungu yake akawa anasikiliza. Yule mama aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, na namba hakuiulizia tena.