Vivimbe vya Mapajani

Binti yangu alianza kujichoma insulini akiwa na miaka kumi na mmoja. Tunaishi Goweko, nalima tumbaku na nina mizinga michache msituni. Alijichoma mwenyewe asubuhi na jioni, amegeukia ukutani. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini namba za kipimo cha sukari.

Mwaka wa tatu namba zikavurugika. Leo sukari iko juu, kesho imeshuka mpaka anatetemeka na jasho linamtoka. Dozi ilikuwa ile ile, na ugali ule ule. Nikaanza kushuku ndoo ya asali iliyokuwa stoo.

"Unalamba asali," nilimwambia mbele ya wadogo zake.

"Sijala asali, baba."

"Kipimo hakisemi uongo."

Nikanunua kufuli, nikafunga stoo. Namba hazikutulia. Nikadhani anakula kwa majirani, nikamkataza kwenda huko, na kila mlo nikawa nakagua sahani yake. Mwishowe akaacha kubisha, na ukimya wake nikauhesabu kuwa ni kukiri.

Siku ya kliniki tulipanda basi kwenda Tabora. Muuguzi, mama wa makamo, alilipitia daftari langu haraka, akaliweka kando. Alimuuliza binti anachoma wapi. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni mapajani. Niliombwa nigeuke, nikatazama dirishani.

"Hapa pana uvimbe," nilimsikia muuguzi. "Na hapa. Mbona unachoma pale pale?"

"Hapo hapaumi, mama."

"Nyumbani wanajua?"

"Hapana. Vinatisha. Huwa navaa sketi ndefu."

Muuguzi aliniita. "Baba, sindano ikiingia sehemu moja kila siku, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba na kuwa magumu. Dawa inakwama humo, siku nyingine inatoka kwa mkupuo. Ndiyo maana namba zinarukaruka. Mtoto hana kosa."

Alimfundisha kuhamisha sindano, tumboni, makalioni, mkononi, na asivichome tena vile vivimbe. Daktari akapunguza dozi, kwa kuwa ngozi isiyo na uvimbe huipokea dawa vizuri zaidi.

Nilimwomba binti yangu msamaha stendi, tukisubiri basi la kurudi. Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha, na maneno yalinitoka kwa shida.

"Sawa, baba," alisema, macho yake yakiwa kwenye magurudumu ya basi.

Jioni ile niliwaambia wadogo zake kwamba dada yao alisema kweli. Walinisikiliza, wakaendelea kula.

Namba zilitulia ndani ya wiki chache. Vivimbe vilichukua miezi kupungua, na kimoja cha paja la kulia hakijaisha mpaka leo.

Sasa yuko chuoni. Akija likizo, kabla hajaanza kula huinamisha sahani yake kuelekea kwangu nione kilichomo. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna haja.

"Nimezoea tu, baba," hunijibu, na wiki hii ameinamisha tena.