Kisiwa Nilichomkataza Mama

Vita vilipopamba moto Uganda, nyanya yangu alikuwa mgonjwa kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, karibu kabisa na mpaka. Mama, niliyeishi naye mjini, mtaa wa Umoja, alipopata habari alianza kufunga mzigo: sukari, blanketi na dawa.

"Mama, huko hakuendeki," nilimwambia. "Wenzangu wa kazi kiwandani wanasema wanajeshi wanakamata boti."

"Hao wanaosema wamefika huko?"

Tangu baba afariki nilijiona mimi ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia akienda asirudi kwangu. Akaufungua ule mzigo, akitoa kitu kimoja kimoja.

Wiki ya tatu mjomba alifika kutuambia kwamba nyanya ameshazikwa. Nilimuuliza alivukaje ziwa.

"Kwa boti," alisema kwa mshangao. "Akina mama wa samaki wanavuka kila asubuhi. Hao wanajeshi tunawasikia redioni tu, kama nyinyi." Kisha akamgeukia mama. "Alikuulizia mpaka mwisho, dada."

Mama hakulia mbele yetu. Alimpakulia kaka yake ugali. Miaka iliyofuata alinipikia na kuniombea kanisani, lakini hakuniomba tena ushauri wa jambo lolote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa ametoka ziwani wiki ile ile ya mzigo. Tulisalimiana kila siku, na sikumuuliza chochote.