Tembo Chini ya Rangi ya Mulango

Bwana yangu alicheza dame, ule muchezo wa kete juu ya ubao, kando ya barabara miaka yote ya uzee wake. Kete zake nyekundu nimeziokota chini ya kiti mara nyingi, nikazirudisha bila kuzitazama. Nilifikiri ni rondeli, vile vyuma vya duara vya fundi wa magari. Dame ni muchezo wa wanaume. Mwanamuke anapita na bidoni yake ya maji, anasalimia, anaenda. Mimi ningejuaje?

Matanga yake yalipoisha, mujukuu wangu mukubwa, musichana anayepaka wanawake kucha sokoni, alikuja kunitengeneza vidole nisiende misa na kucha za mulimaji. Upepo ulikuwa unarusha kitambaa chake, basi akachukua kete moja akaiweka juu yake kama jiwe. Disolva ikaimwagikia. Ni ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, harufu yake inachoma mpaka ndani ya kichwa. Alipopangusa, rangi ikatoka, na muguu wa tembo ukaonekana.

"Koko, hii ni feza."

"Feza ya wapi? Hiyo ni chuma ya dame."

"Chuma yenye tembo?"

Tembo yule nilimujua.

Baba yangu alilima kahawa upande wa Butembo. Siku niliyoolewa alinipa kopo la maziwa limejaa feza za shaba za wakati wa Wabeleji, zenye tembo. Hazikununua kitu tena. Lakini kwetu, kitu binti anachopewa na baba yake ni cha binti. Mbuzi ni za ukoo, shamba ni la bwana, kopo lilikuwa langu, na bwana haligusi bila kuniomba. Na ili wakwe wasije kusema ni lao, baba alikata kila feza pembeni kwa tupa: mikato miwili imekaribiana, kama panya ameuma.

Volkano ilipoteremka mujini, tulikimbilia kambi ya Mugunga na watoto na godoro moja. Bwana alirudi peke yake kutazama nyumba. Alipokuja nilimuuliza habari ya kopo langu. Akasema, "Mama, kopo limekwisha. Pale ni mawe tu." Nililia kopo kuliko nyumba, sifichi. Nyumba tulijenga ingine.

Sasa tembo huyu alitoka wapi? Feza za namna ile zamani zilikuwa nyingi. Labda alizipata kwa mutu. Mikato ya baba ikiwa pembeni, bwana yangu alinidanganya. Isipokuwepo, mimi ndiye ninamusingizia mutu aliye kaburini. Lakini rangi ilikuwa nene kama ganda, haikuonyesha kitu.

Nilianza vibaya. Nilichukua majivu na muchanga, nikasugua kama ninasugua sufuria. Mujukuu akanikamata mukono.

"Koko, acha! Ukisugua utakula mikato yenyewe, halafu utamuuliza nani?"

Haya. Nikaacha. Nikamimina disolva ndani ya kikombe cha plastiki, nikatia kete. Kikombe kikalegea kama ugali wa maji, kikatoboka chini, dawa ikanilowesha liputa niliyojifunga kiunoni. Mutoto yule alicheka mpaka akakaa chini.

"Koko yangu, wewe unapika nini?"

Akaleta bokali, chupa ya kioo yenye mudomo mupana. Akatoa babula, jiko letu, nje na makala yake yote, kwa sababu dawa ile inashika moto upesi kuliko petroli, akafungua dirisha na mulango. Kete zikalala ndani, kifuniko juu. "Haisuguliwi," akasema. "Inangojewa. Rangi inachoka yenyewe."

Tulingoja. Nyekundu ikavimba, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto. Akatoa moja kwa kijiti, akaipangusa kwa pamba, akaisafisha kwa maji. Nikapitisha kucha yangu pembeni. Kucha ikakwama. Ikakwama mara mbili.

Baba.

Nilitoa ya pili, ni vilevile. Ya tatu vilevile. Sikujua nifurahi ama nitukane. Mali ya baba yangu iko hai, na bwana yangu ni muongo. Vitu vile viwili viliingia kichwani pamoja, na kichwa ni kimoja.

Nilimuita muzee aliyecheza naye siku zote. Walijuana pale Mugunga, wakazeeka pamoja juu ya ubao mumoja. Alikuja na fimbo yake, akazitazama feza, akakohoa.

"Shemeji, hakuniambia kamwe. Lakini fikiri. Mugunga kulikuwa na watu wa kununua shaba. Wewe ulikuwa na watoto wenye njaa. Aliogopa utaziuza, akazificha chini ya rangi."

"Nani alimwambia nitauza?"

"Ungeuza?"

"Ningeuza. Lakini zilikuwa zangu za kuuza."

"Basi unaona. Alikutunzia."

Nilianza kulegea. Yalikuwa maneno mazuri, mutu anaweza kulala nayo. Hapo mujukuu, ambaye alikuwa anapangusa kete ingine polepole, akasema, "Koko, angalia hii. Kuna rangi ingine chini."

Nyekundu ya juu ilikuwa ya mulango wetu wa leo. Chini yake kahawia, mulango tuliokuwa nao kabla ya huu. Bwana yangu alikuwa na tabia hiyo: akipaka mulango kwa ajili ya Noeli, rangi inayobaki hamwagi, anaimalizia kwenye kete. Chini ya kahawia, imegusa tembo kabisa, ilikuwa kijani.

Mulango wa kijani ni wa nyumba ile ya kwanza, uliozikwa chini ya mawe ya volkano.

"Hakuzificha Mugunga," nikamwambia muzee. "Kabla mulima haujapasuka alikuwa amekwisha kuzipaka. Alizitoa kwenye kopo langu, ndani ya nyumba yangu, nikiwa ninapika. Lililoungua ni kopo tupu; kete alikimbia nazo."

Muzee akatazama fimbo yake. "Labda alitaka kete tu, shemeji. Labda aliona haya kusema."

"Miaka yote hiyo? Nimemuosha, nimemulisha, nimemuzika, na yeye anaona haya?"

Mimi mwenyewe ningekubali neno lolote, hata baya, kuliko kubaki na labda. Nilizipanga feza juu ya liputa, tembo wote wanatazama upande mumoja, na nikauliza jambo la mwisho nililoweza kuuliza mutu aliye hai.

"Niambie basi. Na hizi za baba yangu, alikuwa anashinda?"

Muzee akagusa feza moja kwa ncha ya fimbo.

"Mimi nilikuwa ninacheza na vifuniko vya bia, shemeji," akasema. "Mara nyingi nilikuwa ninamushinda."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli.