Ugali wa Njano Kwenye Shikome

Juzi nilipita Masumbwe, nikakaribishwa chakula na mjukuu wa bibi aliyekuwa jirani yetu. Alinipakulia ugali mweupe na kuku, akafunga mlango, akawasha televisheni. "Karibu mjomba, jisikie nyumbani." Na kweli nilijisikia nyumbani, ila nyumbani kwa zamani, siku zile tulipokuwa wageni. Ngoja nikusimulie.

Tulifika hapo Masumbwe mwanzoni mwa miaka ya sabini tukitokea Burundi: baba, mama, dada yangu na mimi, pamoja na sufuria iliyotoboka. Shamba hatukuwa nalo, kwa hiyo tulikula cha misheni. Kila Jumamosi mama alipanga foleni na wageni wenzetu, akarudi na maharage, unga wa njano na maziwa ya unga. Hayo maziwa mimi na dada tuliyaramba makavu mpaka yakaganda mdomoni tukashindwa kusema. Ule unga nao, acha tu! Ulinuka gunia, na ugali wake uling'aa kama ua la boga. Sisi watoto tuliupenda. Mama ndiye aliyeuonea haya.

Sasa, kwetu Burundi mtu mzima haonekani akitafuna, ni aibu. Basi jua likianza kushuka mama alifunga mlango, tukala kimyakimya. Pale kijijini mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kila nyumba ilipeleka ugali wake kwenye shikome, moto wa wanaume pale uani, na wanaume na wavulana wakala pamoja. Anayekula ndani ni mchoyo, au ana lake jambo. Wakaanza kututazama kwa jicho baya, baba akisalimia anaitikiwa kwa mkato. Na wazee wa shikome ndio waliogawa mashamba, nasi tulikuwa tukisubiri letu.

Siku moja yule bibi jirani yetu akaingia bila hata hodi.

"Mayu," alimwambia mama, yaani mama kwa lugha ya pale, maana ndivyo alivyomwita kila mwanamke, "mume wako anaumwa nini?"

"Haumwi, bibi."

"Mbona anakula ndani? Hapa kwetu anayekula ndani ni mgonjwa."

Mama akaeleza, macho chini, kwamba hata kama angetaka kupeleka, chakula chenyewe ni cha msaada. Bibi akasonya. "Wa njano, mweupe, wote unashuka tumboni. Leo leteni."

Mama akausonga ugali ule. "Wakiukataa," alisema, "kesho tunafunga mizigo." Dada akaubeba, baba na mimi tukafuata. Mkubwa wa shikome akamega tonge, akaligeuzageuza, akachovya kwenye maharage, akatafuna taratibu mno.

"Mtamu," akasema. "Kumbe mlikuwa mnatunyima."

Wakacheka wote, na ugali wetu ukaisha kabla ya mingine. Baba naye alikula, kajifunika mdomo kwa kiganja, maskini baba yangu. Msimu uleule tukapewa shamba.

Sahani yetu haikurudi tupu. Bibi aliijaza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Mama hakuwahi kuviona maishani mwake. Kwa vile vilikuwa vigumu kama maganda ya mti, akaamua ni dawa ya kumkinga mgeni. Akavichemsha, akavimwaga, tukanywa maji yake, kila mtu kikombe chake, tukistaajabu dawa gani tamu hivi. Bibi aliposikia alikaa chini kwa kucheka. "Mmetupa chakula mkanywa maji!" Tangu hapo mama aliitwa mganga, mpaka uzeeni, na akiitwa hivyo aliitika.

Nimewakumbuka sana. Bibi hayupo, mama hayupo, na pale palipokuwa na shikome pamejengwa fremu za maduka. Siku hizi kila nyumba na mlango wake. Kijiji kizima kinakula kama tulivyokula sisi tulipofika, na hakuna wa kuingia bila hodi kuuliza nani anaumwa.

Basi juzi pale mezani nikachukua sahani yangu, nikafungua mlango.

"Mjomba, unaenda wapi?"

"Nakula nje," nikamwambia. "Mimi si mgonjwa."

Akacheka kicheko kilekile cha bibi yake. Kisha akabeba kigoda na sahani yake, akanifuata.