Jina la Rosette Lilikuwa Linajifuta

Ndugu zangu, woga wa mchana ndio mbaya zaidi. Usiku angalau mtu unajua kwa nini unaogopa.

Clarisse aliandika "Rosette", na jina likajifuta. Herufi moja moja, kuanzia nyuma, vidole vyake vikiwa mapajani.

Hapa ni Baraka, mji wa kando ya ziwa, katika ofisi ndogo ya chama cha bamama, akina mama wa hapa. Kazi ya Clarisse ni kuandika kwenye kompyuta yale wanayosimulia wanawake waliokimbia vita huko Kilembwe: walitendewa nini, na nani aliwatendea. Rosette, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni, aliwataja waliomtendea waziwazi. Wakijua ni yeye aliyesema, wanammaliza.

Akaandika tena. Likajifuta tena.

Akajiambia ni vumbi, kitufe cha kufuta kimekwama. Akakipuliza. Akachomeka kibodi nyingine. Wapi! Akazima mashine, akaiwasha, akaomba Mungu, akaandika.

Likafutika.

Ndipo akakumbuka viongezo, vile viprogramu vidogo vya kubandika juu ya programu ya kuandikia. Alivipata kwa Darius, fundi wa simu, kwenye flash. Nani huku anapoteza méga za mtandao kupakua? Mtu unanakili folda nzima ya mwenzako, na mipangilio yake yote, kazi inaenda. Mashine ilipouliza kama kiongezo kiruhusiwe kusoma, kubadilisha maandishi na kuingia mtandaoni, Clarisse alibonya Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi.

Akavizima vyote. Jina likatulia.

Akawasha kimoja kimoja. Cha rangi, jina lipo. Cha kusahihisha Kibembe, lugha yetu, lipo. Akawasha kile cha kuandika pamoja na watu wa mbali, Rosette akatoweka.

Kisha, mbele ya macho yake, pakaandikwa: "Usiandike majina ya bamama."

Akauliza kwa kidole kimoja: "We ni nani?"

"Naitwa Gisaro. Niko Nundu."

Gisaro ni jina la watu wa milimani, na siku hizi sisi na wao hata salamu tunapimiana. Clarisse aliona kaburi la Rosette palepale.

Lakini yule aliendelea. Naye alinakili folda ya Darius, na ndani yake mlikuwa na ufunguo mmoja wa kuandika pamoja, kwa wote walioinakili. Tangu juzi maneno ya Clarisse yanamfikia, na kila jina likitokea, yeye analifuta haraka kabla mtu hajalisoma.

Clarisse akamuuliza anayaficha majina kwa nani, kama ni wao wawili tu.

"Angalia kwa kona, juu. Tuko batatu. Ule wa tatu haandikaka kitu. Anasomaka tu."

Akaangalia. Kweli, alama za waliomo zilikuwa tatu.

"Na we umeandika jina lako?"

"Nimeliandika ili uniamini. Sasa funga."

Clarisse hakufunga, alichomoa waya. Akakimbia kwa Mama Godelieve, mkubwa wa chama, na kabla jua halijazama Rosette alikuwa ndani ya boti ya kwenda Kazimia.

Kesho yake wanaume wawili wakafika kwenye meza za ndagala. Walijua yote aliyoyaandika Clarisse: nyumba iliyochomwa, mto uliovukwa, mtoto aliyebebwa mgongoni. Jina tu ndilo hawakuwa nalo. Wakamtaka mwanamke aliyetoka Kilembwe.

Mama mmoja hakuinua hata kichwa. "Sisi bote hapa tunatoka Kilembwe. Munatafuta yupi?"

Wakazunguka, wakaondoka. Clarisse, nyuma ya magunia ya mihogo, alihesabu hatua zao mpaka zikapotea.

Tangu siku ile ametuma watu Nundu kumuulizia Gisaro. Wanasema kijana alikuwapo, akahama, hakuaga.

Jamani, mashine ikikuomba ruhusa, soma kwanza inataka kuingia wapi. Clarisse alibonya bila kusoma, na mtu asiyemjua ndiye aliyelipa. Majina ya bamama wote Gisaro aliyafuta. La kwake tu aliliacha.