Metanoia na Mianzi ya Mama Mdogo

Naona aibu kuandika haya, lakini nimeyabeba miaka saba na yamenichosha.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, ng'ambo ya Mdandu, kutoka chuo cha Biblia. Mwinjilisti mpya, suti moja, na Kigiriki cha muhula mmoja kichwani. Debe tupu haliachi kuvuma. Kila ibada nilihakikisha washarika wamesikia neno moja la Kigiriki, watake wasitake.

Jumapili moja mama mdogo alikuja kurudi kundini. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Wazee wa kanisa walikuwa wamemtenga na Meza ya Bwana kwa kugema na kuuza ulanzi, pombe ya mianzi ambayo nusu ya washarika, baadhi ya wazee wenyewe wakiwemo, waliinywea uani kwake. Kwetu utaratibu ni mfupi: aliyetengwa anasimama mbele, mzee anataja kosa, mwenyewe anasema ametubu, watu wanaimba, anapewa mkono. Kisha anakwenda zake na heshima yake.

Mimi sikutaka watu wadhani nampendelea. Na, niseme ukweli, neno langu la siku hiyo nilikuwa nalo tayari.

Aliposema, "Nimetubu," huku akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, nilimzuia mzee asimpe mkono. Nikawageukia washarika, nikawaeleza kwamba toba katika Agano Jipya ni metanoia, na metanoia si kulia. Ni kugeuza nia yote, mpaka mwenendo nao ugeuke. Maelezo yenyewe yalikuwa sahihi. Kisha nikamuuliza mbele ya kanisa zima, "Mama, na mianzi utaifanyaje?"

Mzee aliyekuwa kando yangu alitazama viatu vyake.

"Nitaikata," alisema.

Watu wakaimba. Nilijiona nimehubiri.

Wiki iliyofuata, dhamiri ikinisuta, nilipita kwake. Mianzi yote ya kando ya kijito ilikuwa imelala chini, na visiki alikuwa amevichoma moto visichipue. Mianzi hiyo ndiyo iliyonivalisha viatu vya shule na kunifikisha chuoni. Nililijua hilo niliposimama kanisani, nikalinyamazia. Nyani haoni kundule.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu, akanitengea ugali na maharage. Alikuwa ametoka kuchimba viazi kwenye shamba la mtu, kibarua, na miaka yake sitini na ushee. Viganja vilikuwa na malengelenge.

"Neno lako nimelielewa," alisema. "Usipogeuka, hujatubu."

Hakuwa akinisema. Ingekuwa nafuu kama angekuwa akinisema.

Nilikuwa nimekwenda kumwomba msamaha. Nilikula, nikashukuru, nikasali, nikaondoka. Bado analima vibarua, na bado sijamwomba.

Siku hizi nafundisha kipaimara Makambako. Mwaka huu tulipofika kwenye toba niliandika metanoia ubaoni, nikaifafanua vizuri kuliko zamani. Mwanafunzi mmoja akauliza kama nimewahi kumwona mtu aliyegeuka hivyo kabisa. Nikasema ndiyo, mmoja. Akataka kujua ni nani.

"Mama mmoja wa kijijini," nilijibu.

Sikuthubutu kusema ni mama yangu.