Mke Mwenza wa Bati

Niliposhuka stendi ya Sumbawanga mwezi wa sita, baridi ndiyo iliyonipokea kwanza. Begi langu sikulitia kwenye buti la basi. Nililipakata tangu Mbeya, na kila basi liliporuka tuta nililikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake, kimeviringishwa kwenye sweta, kulikuwa na kikombe cha babu cha kunyolea, kile chenye brashi yake ubavuni. Nilikuwa nimekiazima kwa wiki mbili tu. Kikakaa kwangu hadi watu wakavuna, wakalima, wakavuna tena. Katikati ya hayo bibi akafariki, tukamzika, wanaume wa nyumbani wakanyolewa, matanga yakaanuliwa. Babu peke yake akabaki na ndevu, akisema hanyolewi mpaka kikombe chake kirudi.

Nakueleza hili mwanzoni, rafiki yangu, usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Kwetu mtu akifa, wanaume wa nyumba ile hawagusi wembe mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo mtani ndiye anayenyoa, na mtani wa babu ni mjukuu. Asiyenyolewa bado yuko msibani, hata kama majirani walisharudi mashambani zamani. Haendi harusini, haketi kilabuni, na hakuna anayethubutu kumtania. Kwa hiyo kila siku niliyochelewa, babu alikuwa msibani kwa sababu yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiliwaza jambo hili ndani ya basi, na kabla ya basi, kitandani, bafuni, na kwenye foleni ya benki.

Lakini ili unielewe, lazima nikupeleke kwenye ua wa babu na bibi nilipokuwa mdogo.

Mkono wa kushoto wa babu uliliwa nguvu na mkanda wa mashine ya kusaga kabla sijazaliwa. Ulikuwepo, ulining'inia, ulikuwa na joto kama mkono mwingine, ila haukuweza kushika kitu. Jumamosi jioni, akijiandaa kwa misa ya kesho yake, bibi alisimama mbele yake ameshika kikombe cha sabuni, naye babu akichovya brashi kwa mkono mzima. Walisimama hivyo huku maharage yakiungua jikoni. Harufu ya maharage yaliyoungua, sabuni ya mche na moshi wa kuni mbichi: hiyo kwangu ndiyo Jumamosi. Bibi alikuwa na msemo wake: "Uso ni wa Mungu Jumapili. Siku nyingine zote ni wa vumbi."

Babu aliona aibu kumsimamisha bibi. Hakulisema, lakini alianza kuchora kwa mkaa nyuma ya mlango wa ghala, na mimi nikawa napeleka mkaa. Alichora kikombe. Akachora kikombe chenye masikio mawili. Akafuta. Mwishowe tukaenda naye kwa fundi bati pale sokoni, mahali ambapo usingeweza kuongea bila kupiga kelele kwa mlio wa nyundo, akamweleza anachotaka.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha kawaida, cheupe chenye ukingo wa bluu. Fundi alikikalisha ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaukunja ukingo wa kopo mpaka ukakibana. Kati ya kikombe na kopo kukabaki nafasi ya maji ya moto, maana kwetu mwezi wa saba povu hupoa kabla halijafika shavuni. Ubavuni akaunga kibomba cha brashi, chenye tundu chini ili maji yanayodondoka yarudi kikombeni. Juu akatia mkanda wa begi langu la shule lililokufa. Babu aliuvaa shingoni, kikombe kikatulia kifuani pake, na mkono wake mmoja ukawa huru: kuchukua brashi, kuirudisha, kuchukua wembe. Hakuhitaji mtu.

Brashi ndiyo iliyotutesa. Ya kwanza ilikuwa ya katani, ikamchubua. Ya pili ya manyoya ya mbuzi, ikalala kama nyasi zilizokaliwa na ng'ombe. Krismasi tulipochinja nguruwe, babu akaniambia ning'oe zile singa ngumu za mgongoni. Tukaziloweka kwenye maji ya moto, zikalainika, zikabeba povu vizuri ajabu. Jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alitazama kazi yote akiwa ameegemea fimbo, kisha akasema, "Mzee, yaani unampaka nguruwe mashavuni halafu unakwenda kupokea sakramenti?"

"Afadhali yangu," babu akamjibu. "Wewe unanukia samadi mpaka padri anafupisha mahubiri."

Walicheka mpaka jirani akakaa chini.

Aliyekuwa hacheki ni bibi. Jumamosi ya kwanza ya kikombe kipya alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama mumewe alivyojivika kile kitu. "Sasa umejiolea mke wa bati," akasema. "Na huyu mke wako mdogo" (huyo ni mimi, babu alikuwa akiniita mke wake) "ndiye aliyekuwa mshenga." Akarudi ndani. Maji ya moto hayakuchemshwa jioni ile. Babu, kwa kiburi, akanyoa kwa maji ya mtungini. Alikuja mezani na vipande vya gazeti vimegandishwa juu ya majeraha, tukala ugali wa ulezi na samaki aina ya mgebuka, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Jumatatu yake nilimsindikiza tena kwa fundi. Alitaka mdomo wa kumiminia maji ya moto uhamishwe. Ulikuwa mbele, alipoweza kuufikia. Akataka uwe nyuma, upande unaogusa kifua.

"Mzee, huku nyuma utamimina vipi mwenyewe?" fundi akapiga kelele.

"Si ndiyo maana," babu naye akapiga kelele.

Tangu hapo kila Jumamosi bibi alisimama mbele yake karibu kabisa, birika mkononi, akakivuta kikombe kidogo kutoka kifuani na kumimina polepole, kama mtu anayemfunga mwenzake vifungo vya shati. "Mke mwenza amekunywa?" babu aliuliza. "Amekunywa, mlevi huyu," bibi akajibu. Mimi nilikoroga sabuni. Povu lililobaki lilikuwa langu: babu alinipaka kidevuni na kuninyoa kwa mpini wa kijiko, huku akinung'unika kwamba wake zake wote wana ndevu. Mpaka leo nikipita karibu na sabuni ya mche dukani, kidevu changu husisimka. Sijamwambia mtu yeyote hilo kabla yako.

Nikakua, nikaenda Dar es Salaam kusomea usanifu wa bidhaa, nikamaliza, nikakaa bila kazi, kisha nikapata nafasi ya kujitolea kwenye karakana moja ndogo. Siku moja bosi akataka kila mmoja wetu alete kifaa cha kwao, akichore upya, kiende kwenye maonyesho. Nikampigia babu. Hakuuliza sababu. Kesho yake kikombe kilikuwa kwa kondakta wa basi, kimefungwa kwa kanga ya bibi. Bibi aliichukua simu akasema, "Mchukue huyo mke mwenza nipumzike kidogo." Nilicheka. Nilikuwa na haraka, nikakata.

Nilichora vizuri. Nakwambia hivyo bila furaha. Na katika kuchora, niliuhamisha mdomo wa maji ukarudi mbele, mtumiaji aweze kumimina mwenyewe. Nilijua kwa nini babu aliupeleka nyuma. Nilikuwepo. Lakini karatasi ilikuwa na kichwa kinachosema kifaa cha mtu wa mkono mmoja, asiyehitaji msaada, na sikuona pa kuandika mambo ya bibi. Bosi alisifu hasa sehemu hiyo. Kikombe kikawekwa kwenye kabati la kioo, maonyesho yakaisha, mengine yakaanza mji mwingine, kikombe kikabaki kabatini Dar na ufunguo ukasafiri na bosi. Simu ya msiba iliponikuta, nilipanda basi mikono mitupu. Makaburini nilimwona babu akinitazama mikono, au nilidhani ananitazama mikono. Baadaye shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye anayekaa naye, akawa ananipigia: "Babu yako amefuga ndevu kama beberu kwa ajili yako. Unataka azikwe nazo?"

Basi, siku hiyo ya mwezi wa sita nikafika mtaani kwetu Katandala kwa bodaboda, begi kifuani. Babu alikuwa amekaa ukutani kwenye jua, blanketi mabegani, ndevu nyeupe zimefika kwenye kifungo cha pili. Nilipiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja na baridi yako."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyaandaa tangu Iringa: kwamba nimekosa, kwamba ufunguo haukuwa wangu, kwamba hiyo si sababu. Nilifika katikati, akanyoosha mkono akakipokea kikombe, akaigusa brashi kwa kidole gumba, akauliza, "Umekula?" Nikaendelea. Akauliza tena, kwa sauti ya kuniambia ninyamaze, kama nimekula. Shangazi akaja akiwa na bakuli, akakiona kikombe, akapiga kigelegele kifupi. "Kesho asubuhi," akatangaza. "Kesho mzee anatoka msibani." Babu akavuta blanketi mpaka kidevuni. Nikalala nikijiuliza kama ile ilikuwa hasira.

Asubuhi shangazi alichemsha maji na kunipa birika. Babu akauvaa mkanda. Ilinibidi nisimame pale pale, karibu kabisa, nikivute kikombe kutoka kifuani pake na kumimina. Mvuke ukapanda kwenye ndevu zake. Hakuuliza kama mke mwenza amekunywa. Nilimngoja aulize, hakuuliza.

Shangazi alipoingia ndani kufuata kitambaa, babu akasema kwa sauti ya chini, "Ungechelewa kidogo tu."

Sikuelewa. Nilidhani masikio yangu yamegeuza maneno.

"Watoto wangu walinijia na mashine ya saluni," akasema. "Na padri naye akaja. Wote nikawajibu, kikombe changu kiko Dar es Salaam. Nani atabishana na kikombe kilicho Dar es Salaam?" Akatazama chini, kwenye povu. "Nikikaa na hizi ndevu, bado naulizwa habari za bibi yako. Mtu akipita anasimama, anamtaja. Nikishanyoa, amekwenda."

Unaweza kufikiri nilipata nafuu. Kwa mwaka mzima nilibeba mzigo ambao haukuwa wangu. Babu hakunikasirikia, alikuwa ananishukuru. Lakini mimi niko hivi nilivyo, na mawazo yalishageuka upande wa pili kabla birika halijatua: kumbe kosa langu halikuwa kuchelewa. Ni kufika. Bosi alikuwa amesema kikombe kinaweza kukaa, na mimi ndiye niliyemsumbua, nikamwandikia, nikaenda kumsubiri mlangoni kwake ili nije nimtoe babu yangu mahali alipotaka kukaa.

"Nimwambie shangazi singa zimeoza?" nikanong'ona. "Nitairudisha brashi Dar ikatengenezwe."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka. "Bibi yako alisema wewe ndiye mshenga mbaya kuliko wote," akasema. "Nyoa, mwanamke. Maji yanapoa."

Nikanyoa. Nilianza na mkasi, nywele zikaangukia blanketini kama pamba, kisha nikampaka povu na kushika wembe. Ngozi iliyokuwa chini ilikuwa laini na imepauka, na kidevu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Mara mbili nilisimama, nikisingizia kusuuza wembe. Hakunihimiza. Nilipomaliza alijipapasa uso kwa mkono wake mzima, polepole, shavu moja kisha jingine, kama anayeingia chumba ambacho samani zimehamishwa.

Jirani yule mfugaji, naye sasa mzee, alikuwa anapitisha ng'ombe. Alimwona, akasimama, akapaza sauti: "Ahaa! Nami nilikuwa natafuta beberu wangu aliyepotea, kumbe ndiye wewe!" Ilikuwa ruhusa sasa. Babu akamjibu jambo kuhusu samadi, shangazi akacheka jikoni, ua wote ukachangamka.

Nilikaa nyumbani wiki ile. Siku hizi wanaume wa mtaa wanakwenda saluni, wananyolewa kwa mashine huku muziki ukipigwa. Banda la fundi bati linauza makava ya simu. Jumamosi jioni katika ua wetu ni jioni tu. Hayo nilitegemea kuyakuta, na nilikuwa nimejiandaa kuyasikitikia.

Sikujiandaa kwa asubuhi zile. Babu aliketi ukutani kwenye jua, na watu walipita wakielekea shambani na sokoni. Kabla sijamnyoa, shangazi aliniambia, kila mmoja alisimama kwanza: pole mzee, pole kwa mama, alikuwa mtu mwema yule, unakumbuka siku ile alipofanya hivi na vile. Sasa walimwona uso wake msafi na hawakupunguza mwendo.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri," babu alijibu, akageuza kichwa kuwafuata kwa macho mpaka walipokata kona, na wakawa wameshapita.